Shajara ya mradi: kufunga alamu kwenye IST, Mtwara mjini

Gari ni Toyota IST, NCP60, injini 2NZ-FE, gia otomatiki, betri ya Ah 35 (ampea-saa). Sentro loki ya kiwandani inafanya kazi milango minne pamoja na buti, ila rimoti yake haipo. Usiku linalala nje, Shangani, chini ya mwembe, na upepo wa bahari unalifikia moja kwa moja. Mchana linashinda karibu na Soko Kuu likiwa na mzigo kwenye buti.

Mwenye gari anataka kulinda vitu vitatu: mzigo wa buti, betri, na gari lenyewe lisiwashwe. Vioo vya pembeni hatukuviahidi. Anayeng'oa kioo anamaliza kazi kabla king'ora hakijapiga mlio wa pili, na dawa ya hilo ni riveti na kuchora namba ya gari kwenye kioo.

Siku ya 1: kuchagua

Aina nne ziliwekwa mezani.

Ya kwanza ni ile ya kawaida ya njia moja: boksi, rimoti mbili, king'ora, sensa ya mtikisiko, kitaa chekundu, kitufe cha siri (cha kuzimia alamu rimoti ikikosekana), antena. Ya pili ni ya njia mbili, yenye rimoti ya kioo inayokupigia mlio mfukoni gari likiguswa. Ya tatu inaongeza sensa ya mawimbi ya sauti ndani ya kabati. Ya nne ni kifaa cha GPS chenye laini ya simu.

Ya tatu iliondoka mapema. Joto la Mtwara linawafanya watu waache vioo wazi kidole kimoja, na upepo wa kusi ukipenya ndani sensa ile inauhesabu kuwa mtu. GPS inasaidia kulitafuta gari likishaondoka, lakini haimzuii anayefungua buti; isitoshe inataka laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole na salio la data lisilokatika. Inaweza kuongezwa baadaye, kwa hiyo nafasi yake ya fyuzi imeachwa. Ya njia mbili ni nzuri, ila rimoti yake ikianguka kwenye maji ya chumvi imekwisha, na kupata nyingine ya aina hiyohiyo ni kuagiza Kariakoo, kilomita 560 hivi kwa basi. Rimoti ya njia moja inavumilia zaidi.

Ikabaki ya njia moja, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu maboksi ya madukani yanafanana kwa nje. Tulifungua rimoti na kusoma chipu iliyomo. Ikiwa ni PT2262 au EV1527, namba inayotumwa ni ileile kila ukibonyeza, na kifaa cha bei ndogo cha kunakili rimoti kinaichukua mara moja kutoka ng'ambo ya barabara. Ikiwa ni HCS301 au ndugu zake, namba inabadilika kila mbonyezo, kwa hiyo aliyeinasa ya jana hana kitu. Rimoti ya kwanza tuliyofungua ilikuwa na EV1527, ingawa boksi lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya usalama wa juu. Ya pili ilikuwa na HCS301. Tukachukua ya pili.

Vitu vingine tulivyoangalia kwenye boksi hilohilo: lina tundu la swichi ya boneti peke yake (mengine yanaichanganya na milango, na ukitafuta hitilafu hujui inatoka wapi), lina uwezo wa kuzima kujifunga lenyewe, na mchoro wa nyaya upo ndani na unasomeka. Mchoro uliopotea ni hasara kubwa kuliko rimoti iliyopotea, maana rangi za nyaya hazilingani kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Tulipiga picha mbili za mchoro huo kabla ya kitu kingine chochote.

Vifaa vya nyongeza, kwa sababu vilivyomo ndani ya boksi havitoshi kwa pwani: rilei 1 (swichi inayoendeshwa na umeme) ya ampea 40 yenye miguu mitano na kitako chake, dayodi 5 za 1N4007 (zinapitisha umeme upande mmoja tu), fyuzi 1 ya ampea 15 na kishikilio chenye mfuniko wa mpira, waya wa mm² 2.5 mita 2, na wa mm² 0.75 mita 8. Mrija wa kusinyaa wenye gundi ndani, mita 2. Lehemu ya 60/40 yenye rosini katikati. Tepu ya kitambaa roli 1. Kamba za plastiki za kubania 30. Swichi ya boneti ya plastiki yenye pini ya chuma kisichoshika kutu. Bolti 2 za M6 na washa za meno.

Tepu ya plastiki ya umeme haimo kwa makusudi. Ndani ya dashibodi iliyoanikwa juani gundi yake inayeyuka, tepu inateleza, na baada ya miezi michache unakuta waya uko uchi na mikono inanata. Klipu za kubana zinazotoboa ganda la waya nazo hazimo. Tumeweka moja tu pembeni kwa majaribio. Habari zake ziko chini.

Siku ya 2: kupima kabla ya kugusa

Hakuna waya uliokatwa leo.

Kwanza umeme unaoliwa gari likiwa limelala. Waya hasi umetolewa kwenye betri, mita imewekwa kwenye tundu la ampea 10 na kuingizwa katikati, milango imefungwa, ufunguo nje. Dakika za mwanzo ilisoma juu kidogo. Baada ya dakika 20 ikatulia kwenye 18 mA (miliampea). Hiyo ndiyo namba ya kulinganishia mwishoni. Asiyepima hapa, siku betri ikilala, atailaumu alamu bila ushahidi au ataitetea bila ushahidi. Mita ikiwa imekaa hivi, usiwashe gari wala usifungue vioo kwa umeme: fyuzi ya mita itaungua.

Kisha nyaya za swichi ya ufunguo. Kava la chini ya usukani limetolewa. Nyaya za manjano na soketi za manjano ni za eabegi, hazipimwi na hazisogezwi. Kwa kazi ya kuunganisha, waya hasi wa betri hutolewa na kusubiriwa sekunde 90 kama Toyota wanavyoagiza, eabegi iishiwe chaji. Kwa kupima tu, betri ilirudishwa, na ilitumika mita, si taa ya kupimia. Taa ile inavuta umeme wa kutosha kuharibu kitu kwenye nyaya za kompyuta ya gari.

Waya wa ufunguo unatambulika kwa tabia yake. Wenye volti 12 wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, ni wa betri. Wenye volti 12 kwenye ACC na ON (hatua mbili za ufunguo kabla ya stata) lakini unaoshuka hadi sifuri ukipiga stata ni wa ACC. Huo haufai kwa alamu. Unaobaki na volti 12 kwenye ON na pia wakati stata inazunguka ni wa ON, ndio tunaoutaka. Unaoamka wakati wa kupiga stata peke yake, kisha unakufa, ni wa stata. Kila mmoja ulipatikana na kufungwa kikaratasi chenye jina. Picha za rangi za nyaya zinazozunguka kwenye simu zilifanana na gari hili kwa nyaya mbili tu kati ya nne.

Milango: waya wa swichi ya kila mlango unasoma karibu volti 12 mlango ukifungwa na sifuri ukifunguliwa. Maana yake swichi inatoa hasi. Swichi ya mlango wa nyuma kushoto ilikuwa inasoma sifuri wakati mwingine hata mlango ukiwa umefungwa. Ilipofunguliwa bolti yake na kuvutwa nje, pini ilikuwa imekaa ndani, hairudi. Chini ya mpira wake kulikuwa na mchanga mweupe uliogandamana na mafuta ya zamani kuwa kama ugali mkavu. Imesafishwa kwa spirit, imepakwa grisi ya silikoni kidogo, inarudi. Alamu ingefungwa na swichi hiyo ilivyo, ingelia usiku wa kwanza na lawama ingekwenda kwenye boksi jipya.

Siku ya 3: boksi, umeme, taa, milango

Boksi limefungwa juu ya kanyagio, nyuma ya kiungo cha chuma cha dashibodi, kwa kamba mbili za plastiki na kipande cha sponji lisigonge. Lisikae chini ya zulia (maji ya viatu wakati wa masika) wala karibu na mrija wa AC unaotoa jasho. Soketi zimeelekezwa chini ili tone likifuata waya lisiingie ndani. Antena imenyooshwa juu, nyuma ya nguzo ya kioo, haikukunjwa na wala haikufungwa pamoja na nyaya nyingine. Ukiikunja kama kamba ya kiatu, rimoti itafanya kazi hatua tano tu.

Hasi ya boksi: bolti ya M6 kwenye chuma cha bodi, rangi imekwanguliwa hadi chuma king'ae, washa ya meno, kisha grisi juu yake. Usitumie skrubu ya plastiki za dashibodi na usijiunge na hasi ya redio. Chanya: moja kwa moja kutoka waya mkubwa wa betri kwenye swichi ya ufunguo, fyuzi ya ampea 15 ikiwa ndani ya sentimita 15 kutoka kiungo.

Kila kiungo ndani ya kabati ni hivi: ganda limetolewa sentimita 2, waya mpya umesokotwa kuzunguka, umelehemiwa kwa lehemu yenye rosini, mrija wa kusinyaa juu yake, halafu kamba ya kubania sentimita 3 kila upande. Kamba hiyo si pambo. Lehemu inafanya waya kuwa mgumu, na mtikisiko wa barabara ya Newala unauvunja pale ugumu unapoishia. Pesti ya lehemu yenye tindikali, ile ya mafundi bati, isiguse waya wa gari: inabaki ndani ya nyuzi za shaba, na kwa unyevu wa huku inazitafuna polepole.

Umeme ulikatika saa nne na kurudi saa nane. Kazi iliendelea kwa pasi ya gesi. Anayefanya kazi hii asitegemee soketi ya ukutani.

Taa: nyaya mbili za boksi zimeunganishwa kwenye indiketa, mmoja kushoto na mmoja kulia. Wengine hukutanisha pande zote mbili kwenye waya mmoja ili kuokoa muda, kisha ukipiga indiketa ya kushoto na ya kulia inawaka. Kila upande una balbu mbili za W 21 na moja ya W 5, yaani kama ampea 4. Zote pamoja 8. Fyuzi ya 15 inatosha kwa sababu motor za milango hazitumii umeme wa boksi hili.

Milango ndiyo iliyokula muda. Njia rahisi ni kujiunga na waya wa taa ya ndani, maana milango yote inakutana pale. Tulijaribu kwa muda tu. Ukifunga gari, king'ora kinatoa milio mitatu ya kulalamika badala ya mmoja. Sababu ni kwamba taa ya ndani ya IST hii inazimika taratibu. Kwa sekunde kadhaa baada ya milango kufungwa waya ule bado unaonekana kama mlango uko wazi. Basi ikabidi kwenda kwenye swichi zenyewe: dereva, abiria, milango ya nyuma (inakutana kwenye waya mmoja), na buti. Jumla ni njia nne, kila moja na dayodi yake ya 1N4007, upande wenye mstari ukiangalia swichi, upande mwingine ukienda boksi. Bila dayodi milango inachanganyikana, na gari halijui upi uko wazi. Dayodi ikigeuzwa haiungui kitu, ila mlango huo hautaitikia kamwe, kwa hiyo kila mlango ulijaribiwa peke yake kabla mrija haujasinyazwa.

Waya wa buti ulikuwa umekatika. Haukukatika kwenye swichi bali ndani ya ule mpira wa mikunjo kati ya mlango wa nyuma na paa, mahali pa kawaida kabisa kwa magari ya mlango wa juu. Ganda lilikuwa zima, shaba ndani imevunjika. Sentimita 12 za waya laini mpya zimeingizwa, viungo vimetolewa nje ya sehemu inayokunjika.

Siku ya 4: sentro loki na stata

Sentro loki kwanza. Swichi ya kwenye mlango wa dereva ilipimwa: waya wa kufunga una volti muda wote na unashuka hadi sifuri ukibonyeza kufunga, wa kufungua vilevile. Yaani unatakiwa mpigo wa hasi. Ndani ya boksi kuna rilei mbili ndogo, kila moja na nyaya tatu: wa kati, wa kugusa rilei ikifanya kazi, na wa kugusa rilei ikipumzika. Kwa mpigo wa hasi, wa kati unakwenda kwenye waya wa swichi ya gari, wa kazi unakwenda kwenye bodi, wa mapumziko unafungwa ncha peke yake na kuachwa. Ukiunganisha wa kazi kwenye chanya kwa kukosea unatuma volti 12 kwenye kompyuta ya milango.

Muda wa mpigo umewekwa sekunde 0.8. Boksi linaruhusu pia 3.5, huo ni wa magari yenye loki za upepo, haumhusu IST.

Kujifunga lenyewe kumezimwa. Kazi hiyo inafunga milango sekunde 30 baada ya kuzima gari na kushuka, hata kama ufunguo umebaki kwenye swichi. Kule Msimbati kwenye mchanga, ufunguo ndani na wewe nje, utamtafuta fundi kwa mtumbwi.

Sasa stata. Hapa kuna maoni mawili mjini na sisi tuna letu. Wengi wanakata pampu ya mafuta, kwa hoja kwamba mwizi ataondoka kidogo kisha gari lizime. Tatizo ni kwamba rilei hiyohiyo ikichoka, au kiungo kikilegea, gari linazima likiwa kwenye mwendo, mbele ya lori la korosho linaloelekea bandarini, usukani umekuwa mzito na breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu. Kwa sababu hiyohiyo ile kazi ya boksi ya kuzima injini gari likiporwa imezimwa pia. Tumekata stata peke yake. Likiharibika, litaharibika likiwa limesimama.

Waya wa stata umekatwa. Ncha moja mguu wa 30 wa rilei, nyingine mguu wa 87a, kwa waya wa mm² 2.5. Miguu hii miwili inagusana rilei ikipumzika, kwa hiyo hata boksi la alamu likifa kabisa gari litawaka. Mguu wa 86 umekwenda kwenye waya wa ON, wa 85 kwenye waya wa boksi unaotoa hasi alamu ikiwa imewekwa. Dayodi moja kati ya 85 na 86, mstari upande wa 86, kuua mshtuko wa koili (umeme unaoruka rilei ikizimwa).

Angalia mguu wa 86 kwa makini. Wanaouweka kwenye chanya ya kudumu wanapata kazi inayoonekana nzuri: alamu ikiwekwa, stata imekatwa. Lakini koili ya rilei kama hii ina omu 80 hivi, inakula kama mA 150 usiku kucha. Saa 12 ni karibu Ah 1.8 kila usiku, kwa kazi ambayo haikuhitajika kwa sababu ufunguo hauko kwenye ON. Ukiwa kwenye ON, koili inavuta tu pale mtu anapojaribu kuwasha. Makosa ya aina hii ndiyo yanayozaa ule msemo kwamba alamu zinakula betri.

Jaribio: alamu imewekwa, mtu ndani, ufunguo unageuzwa. Dashibodi inawaka, king'ora kinalia, stata kimya. Alamu imetolewa: gari linawaka mara moja, mara kumi kati ya kumi.

Siku ya 5: chini ya boneti

King'ora kiko upande wa kushoto, nyuma ya taa, mdomo ukiangalia chini na pembeni. Kikiangalia juu kinageuka kikombe cha maji. Kiko mbali na manifoldi ya ekzosi, na mtu akiinama chini ya bampa mkono wake haufiki kwenye waya. Nyaya zimepita kwenye raba ya kiwandani ya ukuta wa injini. Zimeshushwa chini ya kimo cha tundu kabla ya kupanda, ili maji yadondoke pale kwenye mkunjo badala ya kufuata waya hadi kwenye boksi.

Viungo vya chini ya boneti havikulehemiwa. Vimebanwa kwa mikono ya shaba na koleo lake, mrija wenye gundi juu, ukapashwa moto mpaka gundi ikachungulia pande zote mbili. Gundi isipotoka, haujaziba.

Swichi ya boneti iliyokuja kwenye boksi ni ya bati la dhahabu la kupakwa. Kwa Shangani ingedumu masika moja. Imewekwa ya plastiki.

Siku ya 6: sensa

Sensa ya mtikisiko imefungwa kwa skrubu mbili kwenye kiungo cha chuma karibu na katikati ya gari. Kuibandika kwa gundi ya pande mbili ni kuipa mto wa kulalia: joto likilainisha sponji, sensa haisikii tena. Kuifunga kwenye kifurushi cha nyaya nako kunaifanya isikie redio kuliko mwizi.

Kipimo kilianzia chini kabisa, kikapandishwa robo mzunguko kwa kila jaribio. Teke la wastani kwenye tairi: mlio wa onyo. Kofi la kiganja kwenye kioo cha pembeni: onyo. Ngumi ya nguvu kwenye nguzo ya mlango: king'ora kamili. Pikipiki kupita mita mbili: kimya. Kisha ukaja mtihani wa mwembe. Embe bichi liliachiwa kutoka kimo cha paa la nyumba. Mara ya kwanza king'ora kamili, tukarudisha robo mzunguko. Mara ya pili onyo la milio mitatu na kunyamaza. Hapo ndipo kilipoachwa. Anayelaza gari chini ya mnazi asisumbuke na kipimo hiki: nazi ikidondoka kwenye kioo cha mbele, acha kilie.

Siku ya 9: malalamiko ya kwanza

Usiku wa siku ya 8 alamu ililia mara mbili, saa saba na saa kumi. Ujumbe wa mwenye gari: "Fundi, majirani wameniamkia kwa jicho." Kitaa chekundu kilikuwa kinapiga mara nne na kupumzika, ambayo kwa boksi hili ni boneti. Faida ya tundu la peke yake inaonekana hapa: bila hilo tungefungua milango yote.

Swichi ilikuwa mzima. Boneti ikifungwa, pini yake ilikuwa inashuka mm 2 tu. Injini ikiwa ya moto raba za kupumzishia boneti zinakuwa laini na boneti inalala chini. Ikipoa usiku boneti inainuka kidogo, pini inapanda, swichi inasema imefunguliwa. Kitako cha swichi kimeinuliwa kwa washa mbili, mm 4, na pini sasa inashuka mm 6. Kipimo kilichotumika: kipande cha udongo wa kufinyangia kando ya pini, funga boneti, fungua, pima unene uliobaki. Boneti sasa inabidi iinuke karibu mm 6 pale kwenye swichi ndipo king'ora kilie, na bado ni kabla mkono haujaingia.

Wiki ya 3: kipimo cha mwisho

Umeme gari likiwa limelala na alamu imewekwa: 31 mA. Kutoa 18 za mwanzo, alamu yenyewe inakula 13. Kwa siku ni kama Ah 0.75 kwa kila kitu. Siku kumi bila kuwashwa ni Ah 7.5, betri ya 35 inavumilia. Likisimama mwezi mzima ni Ah 22, na hapo usishangae lisipowaka. Gari la mwenye kusafiri muda mrefu litolewe waya hasi.

Hakuna mlio wa bure tangu siku ya 9, ukiacha usiku mmoja wa radi ya karibu, onyo tu.

Ile klipu ya kubana iliyowekwa pembeni kwa majaribio, chini ya boneti, kando ya kiungo cha mkono wa shaba chenye gundi: vyote viwili vimepitishwa ampea 3. Kwenye kiungo chenye gundi volti inayopotea ni 0.01. Kwenye klipu ni 0.19. Ilipofunguliwa, meno yake yalikuwa meusi na shaba imeanza ukijani pale ilipotobolewa, kwa wiki tatu tu.

Kilichobaki: kuongeza rimoti ya tatu. Boksi hili likiingizwa kwenye hali ya kujifunza linafuta rimoti zote za zamani, kwa hiyo zote tatu zitaletwa pamoja na kubonyezwa kwa zamu ndani ya sekunde 10. Betri za rimoti ni 27A za volti 12. Mbili za akiba zimewekwa kwenye kijaluba cha kadi ya bima, pamoja na mchoro. Karatasi inayoonyesha kitufe cha siri kilipo haikai ndani ya gari.